Chai ya Suma, Ghorofa ya Nne

Dada Orie Kajitani akifika penye kibao cha kukataza watu kuingia, hukisoma chote kwa sauti, pamoja na jina la ofisi na namba ya simu iliyoandikwa chini. Halafu hukiinamia kidogo, kama anavyomwinamia jirani barabarani, huinua waya, hupita. Ana miaka sabini na sita. Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri, kwa hiyo siku hizi hupita kwa kulala chali na kujisukuma kwa visigino, huku akilalamika kwamba waliofunga waya hawakuwafikiria wazee.

“Nimekisoma,” husema akishasimama na kujipangusa majani. “Asije mtu akasema sikukisoma.”

Hapa Nezawa kila mtu ana lake la kusema juu yake. Wako wanaomwita panya wa magofu, wako wanaosema uzee umempanda kichwani. Mimi namwita Dada. Nilipoingia kazini Hoteli ya Uguise nikiwa na miaka kumi na sita, yeye ndiye aliyenifunga mkanda wa kimono siku ya kwanza. Aliukaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, akanipiga kofi dogo mgongoni, akasema, “Ukipumua sana utakula sana. Twende.”

Wakati huo bonde letu lilikuwa na hoteli saba zimejipanga juu ya mto, mvuke wa maji moto ukitoka kila upande. Wageni walikuja kuoga, kula na kuimba. Orie alikuwa mhudumu wa vyumba vya ghorofa ya sita na ya saba. Mimi nilikuwa mtu wa viatu. Mgeni akipanda kutoka sakafu ya mlangoni, mimi nampa kandambili za ndani, nachukua viatu vyake, navipangusa, na akiwa anatoka avikute vimekaa sambamba, vidole vimeangalia nje, apachike mguu tu na kwenda. Nilifanya hivyo miaka kumi na tano. Nilikuwa naweza kukutajia mgeni kwa kisigino chake.

Wageni wetu hawapendi namba nne, maana kwa Kijapani nne na kifo hutamkwa sawa, kwa hiyo ghorofa ya nne ilikuwa yetu wafanyakazi. Huko ndiko alikoishi Suma, mkubwa wa mashuka na mito. Alikuja Uguise akiwa msichana, hakuolewa, na kama alikuwa na ndugu hakuna aliyepata kumwona. Alikufa humo humo, majira ya baridi, amelala kiubavu, na sindano bado imechomekwa kwenye foronya aliyokuwa akishona. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amemwambia Orie, “Nikifa msinipeleke popote. Hapa ndipo kwetu.”

Hakuja mtu kumdai. Orie akaenda hekaluni, mtawa akampa Suma jina lake la baada ya kufa, likaandikwa kwa wino mweusi kwenye kibao chembamba kama vile vinavyokaa katika kila nyumba yenye wafu wake. Kikawekwa juu ya rafu katika chumba cha mashuka. Tangu siku hiyo kikombe cha kwanza cha birika la asubuhi kilikuwa cha Suma. Hata sikukuu za mwaka mpya, watu mia tatu wanagonga meza wakitaka kifungua kinywa, Orie alikuwa akipanda ngazi na kikombe mkononi, polepole, asimwage.

“Wageni wanangoja!” mpishi alikuwa akimpigia kelele.

“Wangoje. Suma hajanywa.”

Kisha mwenye hoteli akatoroka. Asubuhi moja ya Novemba tulifika kazini tukakuta mnyororo mlangoni na karatasi imebandikwa. Ndani kulikuwa na miavuli yetu, sahani zetu za chakula cha mchana, na mimi nilikuwa nimeacha miwani ya mama yangu. Tulisimama pale kwenye baridi mpaka adhuhuri, halafu mmoja mmoja tukaondoka tukiwa tumeinamisha vichwa kama sisi ndio tuliokosa.

Orie alingoja siku tatu. Siku ya nne akaingia kwa dirisha la jikoni akiwa na chupa ya chai ya moto.

Ndivyo alivyoanza, na miaka ishirini na nne hakuacha. Mara moja kila mwezi, mchana kweupe, alipanda na chai ya Suma. Lakini nisidanganye, hakuwa anaingia kwa ajili ya Suma peke yake. Hoteli nyingine zilipokufa, moja baada ya nyingine, aliziingia zote. Aliingia jumba la sinema, akaingia hospitali ya zamani ya kifua kule juu mlimani, akaingia shule iliyokosa watoto. Alipenda. Alijua sakafu itakayombeba paka lakini haitambeba mtu. Alijua kwa harufu ukuta unaotaka kuanguka. Akirudi, nywele zake zina utando wa buibui na macho yanang'aa, alinisimulia alivyoukuta mti wa mwerezi umetoboa mkeka wa chumba cha maharusi, au piano imejaa mbegu zilizofichwa na panya, na mimi nilikuwa namenya viazi huku nikitaja jina la Buddha Amida kimoyomoyo ili asije akavunjika mgongo.

Vijana wenye kamera walianza kuja kutoka miji mikubwa kupiga picha magofu yetu. Watatu kati yao walikutana naye ukumbini kwenye jumba la sinema, wakadhani ni mzimu, wakapiga mayowe yaliyosikika hadi stesheni.

“Bibi! Unafanya nini humu? Hapakaliwi!”

“Bibi yako yuko kwenu. Vua viatu.”

“Lakini hili ni gofu tu…”

“Na wewe ukizeeka tukukanyage kwa matope? Vua.”

Walivua. Aliwafundisha wapige hodi kabla ya kuingia hata kama hakuna wa kuitika, wasivunje kufuli, wasichukue hata kijiko. Yeye mwenyewe hakupata kutoa kitu. Kila alipoingia alivua viatu vya nje, akavifunga kwenye kitambaa, akajitwika mgongoni, akavaa vya ndani vya turubai vyenye soli ngumu. Kuvifunga mgongoni kulikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni adabu. Ya pili, hakuna mtu atakayepita nje akajua kwamba ndani kuna mtu.

Miaka miwili iliyopita, mwisho wa Oktoba, likaletwa tangazo nyumba hadi nyumba: Uguise itabomolewa. Mashine zingeanza Jumatatu ya tatu ya Novemba.

Orie alivaa kimono chake cha kijivu, cha mazishi na cha ofisi, akaenda ofisi ya mji kuomba ruhusa ya kumtoa Suma. Alinichukua niende naye. Kijana wa kitengo cha majengo, Bwana Tachiki, alitupokea vizuri. Ana adabu, ana tai, ana kalamu tatu mfukoni.

“Jengo limekaguliwa, mama. Hakuna kilichobaki.”

“Limekaguliwa na nani?”

“Na kampuni.”

“Walipanda ghorofa ya nne?”

Akafunua faili. “Ripoti inasema ghorofa zote.”

“Hiyo ripoti ina miguu?”

Tachiki akakohoa. Akaeleza kwamba hata kama kuna kitu, basi ni mali ya mwenye hoteli, na bila kibali cha mwenye hoteli hakuna anayeweza kukigusa.

“Mwenye hoteli yuko wapi?” akauliza Orie.

“Hajulikani alipo.”

“Kwa hiyo nimwombe nani?”

“Mwenye hoteli, mama.”

Tulienda mara nne. Mara nne Orie aliinama, mara nne kijana naye akainama, na kila mara kijana aliinama chini zaidi na kukataa zaidi. Mara ya nne, tukiwa ngazini tunatoka, Orie alisimama akajishika kiuno. “Basi,” akasema. “Mgongo wangu hauna tena mwinamo wa ofisi.”

Ijumaa kabla ya ile Jumatatu alinikuta hekaluni nikifagia majani ya mginko, jambo ninalolifanya kila asubuhi.

“Kinu, mwezi huu ngazi ya wafanyakazi imeanguka kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ngazi ya kuegemeza nimeiona jikoni. Nataka mtu wa kuishika chini.”

“Dada, mimi naogopa.”

“Sijauliza kama unaogopa. Nauliza kama unaweza kushika ngazi.”

Niliingia mbele ya Amida, nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu. Nilimweleza kwamba sijawahi hata kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu. Nilipoinuka nilijikuta natafuta glavu.

Mlinzi wa Uguise alikuwa Bwana Hozumi, aliyekuwa dereva wa basi la wageni enzi zile, sasa kavaa kofia ngumu nyeupe na filimbi shingoni. Saa sita kamili vipaza sauti vya mji hupiga wimbo wao, na wimbo ukianza Hozumi hufungua sanduku lake la chakula. Kila mtu anajua. Wimbo ulipoanza, Orie alikisoma kibao chote, akakiinamia, tukapita chini ya waya, yeye kwa visigino vyake, mimi nikifuata kwa tumbo.

Mlango wa jikoni una kizingiti cha juu, mahali pa kuvulia viatu. Tukavua, tukavaa vya ndani. Orie akaiona ile ngazi, akaikamata, akanigeukia. “Funga viatu, nifuate,” akasema, akatangulia.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua. Nilitoa kitambaa. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni pa Uguise, na mbele yangu kuna viatu vya mtu aliyeingia ndani. Mikono yangu haikuniuliza. Iliinua pea ya Orie, ikaipangusa matope, ikaigeuza. Ikainua na yangu, ikaigeuza. Ikaviweka sambamba, vidole vimeangalia nje. Kitambaa nikakikunja vizuri, nikakitia mfukoni. Kisha nikamfuata Dada yangu, moyo umetulia, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Sikuwa nimeingia humo kwa miaka ishirini na nne. Mapokezi, funguo bado zimening'inia kwenye ubao wake, zote isipokuwa wa chumba 702. Kandambili za wageni zimejipanga pale pale nilipozipanga mimi, kijani kibichi cha kuvu kimezifunika kama velveti. Katika ukumbi wa karamu dari ilikuwa imeshuka juu ya jukwaa, na kipaza sauti kimesimama peke yake chini ya tundu la mwanga. Nilitaka kulia. Orie alikuwa anatembea mbele yangu na ngazi begani, akinung'unika, “Kanyaga pembeni. Pembeni, Kinu, katikati ni ya paka. Hapo ruka. Hapo usiguse ukuta, anaumwa.”

Tulipofika mahali ngazi ilipoanguka, aliegemeza ile yetu, nikaishika kwa mikono miwili na kwa sala. Alipanda na goti lake bovu, kipandio kimoja, anapumzika, kingine. Alipofika juu aliita, “Njoo na wewe! Umwone.” Nikapanda. Sijui nilipandaje.

Chumba cha mashuka kilikuwa kikavu. Mashuka yalikuwa bado kwenye rafu, yamekunjwa na Suma mwenyewe, kingo zimelingana kama kurasa, rangi imekuwa ya chai. Kibao chake kilikuwa mahali pake, na mbele yake kikombe. Vumbi halikuwepo. Orie alikuwa akilipangusa kila mwezi.

Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akaiweka, tukafunga mikono, tukangoja kidogo anywe. Kisha Orie akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

“Suma, twende. Uliniambia nisikupeleke popote. Nakuvunjia ahadi. Hasira zako utanipa nyumbani.”

Ndipo ikaja sauti kutoka chini, imepita kwenye shimo la ngazi.

“Viatu pea mbili! Vya kike! Sentimita ishirini na tatu, na ishirini na tatu na nusu!”

Nikaganda.

“Sihangaiki kuwatafuta!” Hozumi akaendelea. “Viatu ninavyo mimi! Mtakwenda nyumbani na nini?”

Orie alinigeukia polepole. “Kinu. Kitambaa kiko wapi?”

“Mfukoni.”

“Viatu?”

“Mlangoni.”

“Vimekaaje?”

Nilitamani ardhi inipasukie. “Vimeangalia nje, Dada. Nimevipangusa.”

Aliniangalia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika rafu, machozi yakamtoka. “Jambazi gani huyu nimekuja naye,” akasema, “anapanga viatu!” Akamfunga Suma kwenye kile kitambaa nilichokuwa nimekikunja, akamweka kifuani ndani ya kimono, tukashuka.

Hozumi alikuwa katikati ya ukumbi wa mapokezi, viatu vyetu vimebanwa kwapani, punje ya wali kidevuni. Alikuwa amevaa mabuti, na nyuma yake alama za matope zimetoka jikoni mpaka pale.

“Dada Orie. Ni wewe tena.”

“Tena? Umewahi kunishika?”

“Sijawahi. Lakini nilikuwa najua.”

“Basi kama ulikuwa unajua, ulijua pia kwamba hapa ni ndani. Hayo mabuti ni nini?”

“Niko kazini! Ni sheria, mabuti na kofia—”

“Miaka ishirini ulileta wageni mlango huu huu, ukikabidhi mizigo, ukisimama pale chini, mguu wako haukupata kugusa huku juu bila kuvua. Umeshika kazi ya kofia ndiyo umesahau? Tazama nyuma yako. Tazama! Suma angekuona na matope hayo.”

Hozumi akatazama nyuma. Masikio yakamwiva. Akaweka viatu vyetu chini, kwa uangalifu, akainama, akaanza kufungua kamba za mabuti. Alipobaki na soksi, Orie akamsukumia kandambili kutoka kwenye safu yangu. “Vaa, kuna vioo. Ukikatwa utasema ni mimi.”

“Ofisini nimeshapiga simu,” akasema Hozumi, amesimama katika kandambili zenye kuvu. Aliongea kama anaomba msamaha.

“Vizuri. Tutangoja.”

Tachiki alifika baada ya robo saa, mbio, faili kifuani. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akatukuta watatu tumesimama na vya ndani, na kabla hajafungua mdomo akarudi nyuma akavua viatu vyake. Nina hakika hakujua kwamba amevua.

“Mama, nilikueleza. Mara nne. Hapa ni hatari, na ni kosa. Umechukua nini?”

Orie akamtoa Suma kifuani, akafungua kitambaa.

“Hiki,” akasema, “ndicho kile ambacho ripoti yako ilisema hakipo.”

Tachiki akaweka faili juu ya meza ya mapokezi. “Lazima kirudi kilipotoka.”

“Jumatatu mnabomoa.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo nikirudishe ili mkivunje.”

“Kwa utaratibu, mama, ni mali ya mwenye hoteli. Mimi sina mamlaka ya kukuachia. Kama ningekuwa nayo…”

“Sawa,” akasema Orie. “Tufuate utaratibu.”

Akakishika kibao kwa mikono miwili, akainama, akakinyoosha mbele. Kwetu, kitu ukipewa kwa mikono miwili hukipokea kwa mikono miwili, hufikirii. Mikono ya Tachiki ikainuka yenyewe, kama yangu ilivyoinuka kwenye viatu.

“Mpokee,” Orie akasema. “Wewe ndiye ofisi. Mpokee kwa niaba ya mwenye hoteli. Kisha ukampandishe juu akangoje mashine, au umtupie kwenye lori la vifusi leo hii, vyovyote faili inavyosema. Mimi sitakuzuia. Lakini iwe kwa mikono yako wewe. Jina lake unaliona. Lisome.”

Tachiki akalisoma. Midomo yake ilicheza, bila sauti. Mikono yake ikasimama nusu ya njia, kisha ikaenda nyuma ya mgongo wake na kushikana huko.

“Siwezi kupokea.”

“Kwa nini?”

“Hakuna… hakuna fomu yake.”

Hozumi akakohoa ndani ya ngumi. Orie akamgeukia, kibao bado mbele. “Wewe je, Hozumi? Wewe ni mlinzi wa mali.”

“Mimi?” Hozumi akarudi nyuma hatua mbili, kandambili zikapiga pata-pata. “Mimi nina mke, Dada. Akisikia nimetupa wafu wa watu nitalala wapi?”

“Basi ofisi haimtaki, mlinzi hamtaki, mwenye mali katoroka,” akasema Orie. “Kinu, nishikie kitambaa.”

Nikakinyoosha. Akamfunga tena, taratibu, kona kwa kona.

Tachiki alikuwa kijana mwenye kazi yake, na kazi yake ilikuwa haijaisha. Akatoa karatasi mbili za maombi ya radhi, zile ambazo mkosaji huandika kosa lake, hujuta, huahidi kutorudia, hupiga muhuri. Kwetu ukiiandika hiyo karatasi mambo mengi huishia hapo. Alizitoa kwa upole kabisa. Nadhani alikuwa anatutafutia njia ya kutoka.

“Andikeni tu, mama zangu. Mistari mitatu. Nitaiweka kwenye faili, basi. Msipoandika itabidi niwapeleke polisi.”

Orie aliiweka karatasi juu ya meza ya mapokezi, akapuliza vumbi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kadi za wageni. Tachiki akaisoma kwa sauti, sauti ikizidi kushuka: “Mimi, Kajitani Orie, nimeingia Hoteli ya Uguise leo mchana, kama nilivyoingia kila mwezi kwa miaka ishirini na nne. Nimemchukua Suma. Kama nimemsahau mwingine nitarudi.”

“Mama, hii si radhi.”

“Siyo. Umesema niandike kosa langu. Nimelitafuta, sikuliona, nikaandika nilichofanya.”

“Angalau neno moja la kujuta…”

“Nyinyi mkiandika kwamba hamkupanda ghorofa ya nne, mkapiga muhuri, mimi nitajuta ukurasa mzima.”

Akanigeukia mimi, maskini, macho yakiniomba. Alijua mimi ni mtu wa hekaluni, mtu wa kuinama. Ni kweli. Niliichukua kalamu. Nilifikiria nani hasa nimemkosea siku ile, nikaandika, nikampa.

“Naomba radhi,” akasoma Tachiki, na uso wake ukapata nuru, “naomba radhi kutoka moyoni… kwa Dada Orie… kwa kuviacha viatu mlangoni badala ya kuvifunga kwenye kitambaa. Sitarudia.”

Hozumi alilazimika kutoka nje. Tulimsikia akicheka nyuma ya matangi ya maji.

Polisi walituita mara mbili. Afande alikuwa mtu mzima, alitufokea kwa zamu, akamuuliza Orie, “Unajuta?” Orie akasema hapana. “Basi andika tu kwamba unajuta.” “Unataka niwaandikie polisi uongo?” Wakatupa onyo, wakatuandika kwenye daftari lao. Kina mama wa mtaa wakamtoa Orie kwenye zamu ya kupika chai ya sikukuu ya vuli, na mwaka huu pia hawajamrudisha. Akanitania kwamba angalau sasa hanywi chai yao. Mimi hawakunitoa, nilijitoa mwenyewe, nikawaambia mgongo unauma.

Jumatatu ile mashine zilipoanza, bonde lote lilisikia. Nilikwenda kwa Orie nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anakoleza moto wa birika. Suma alikuwa kwenye rafu juu ya friji, kati ya redio na picha ya marehemu mume wake Orie, na shuka moja limekunjwa chini yake. Ndiyo, moja la yale aliyoyakunja Suma mwenyewe. Kitu cha pili alichotoa katika maisha yake yote, na hata mimi sikumwona alipolichukua.

Kila asubuhi mpaka leo humimina kikombe cha kwanza, huinama mpaka paji la uso linagusa mkeka, husema, “Nisamehe, Suma. Ulisema nisikutoe kwako, nikakutoa.” Maneno hayo hayo, kila siku, bila kuruka. Tachiki alipopita mwezi uliopita kuleta karatasi za kodi ya maji aliyasikia kutoka mlangoni. Alibaki amesimama hapo, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

“Kumbe unajua kuomba radhi, mama,” akasema.

“Najua,” akasema Orie bila kugeuka. “Namwomba yule niliyemkosea. Vua viatu uingie, chai ya pili ni ya mgeni.”